Brashi na Jua: maswali yenu kuhusu rangi ya mafuta, mwanga wa Nairobi na wale impreshonisti wa Ufaransa

Barua za mwezi huu karibu zote zimekuja za uchoraji, na nyingi zinauliza kuhusu impreshonisti, wale wachoraji wa Paris wa miaka ya 1870 waliobeba rangi zao wakatoka nje kuchora mwanga badala ya kukaa studio wakichora wafalme na malaika. Nimefurahi sana kuzipata maana hiyo ndiyo njia napaka mimi pia, mafuta, nje, hapa hapa Nairobi. Zingine nimezifupisha kidogo. Twende.

*Sasa mwalimu. Jumamosi huwa naenda Arboretum na kanvasi yangu, naanza kuchora miti saa tatu asubuhi, ikifika saa tano kila kitu imebadilika, vivuli vimehama, nyasi ilikuwa ya dhahabu sai ni nyeupe tu, naanza kurekebisha hapa na pale mpaka rangi yote inakuwa matope. Hawa kina Monet walikuwa wanafanyaje? Ama walikuwa tu na mkono wa haraka kutuliko? – Msomaji, Umoja*

Ndugu yangu, mkono wako hauna shida. Shida ni kwamba unachora picha mbili ama tatu kwa kanvasi moja. Ile ya saa tatu na ile ya saa tano ni picha tofauti kabisa hata kama mti ni ule ule, na ukianza kufukuza jua na brashi hutalipata, utazidi tu kurundika rangi juu ya rangi mpaka zote zife.

Monet alitoka kwa huo mtego kwa kubeba kanvasi nyingi. Kule Giverny, kijiji alichohamia 1883, kulikuwa na marundo ya ngano kwa shamba karibu na kwake, akaanza kuyachora 1890 hadi 1891, na kila mwanga ukibadilika anaweka kanvasi moja chini anashika ingine, binti yake wa kambo Blanche anamsaidia kuzibeba. Kesho yake saa ile ile, hali ya hewa ikiwa ile ile, anarudi kwa ile ya jana anaendelea pale alipoachia. Mei 1891 alionyesha 15 za hayo marundo kwa muuzaji wake Durand-Ruel pale Paris. Mwaka huo huo wa 1891 akaingia kwa miti ya popla kando ya mto, na mchoraji Mmarekani aliyekuwa jirani yake, Lilla Cabot Perry, aliandika baadaye kwamba kuna mwanga mmoja kwa hiyo miti ulikuwa unadumu dakika 7 tu. Dakika 7! Halafu anafunga hiyo anachukua ingine. Na ile miti ilikuwa iuzwe ikatwe mbao, Monet akaenda akaongea na mfanyabiashara wa mbao akamlipa aiache imesimama mpaka amalize picha zake. Mimi hiyo stori naipenda sana, hasa nikipita pale Waiyaki Way kwa ule mugumo mkubwa uliookolewa 2020 wakati Expressway inajengwa.

Sasa turudi kwako, maana Nairobi si Ufaransa na hapa ndipo wengi wanapotea, wanasoma mambo ya Ulaya wanayaleta hapa vile yalivyo. Kule kaskazini jioni ya kiangazi inavutwa masaa na masaa, mwanga wa chini unakaa. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, jua linachomoka saa kumi na mbili na nusu hivi na linapanda juu moja kwa moja, jioni nayo likishazama una kama dakika 20 giza limeingia. Kwa hivyo mwanga wetu mzuri wa pembeni, ule unaotupa vivuli virefu na kufanya majani yawake, uko asubuhi mpaka saa tatu hivi, halafu tena kuanzia saa kumi jioni. Saa sita jua liko utosini, vivuli vinajificha chini ya miti, rangi zote zinapauka, na wewe ulikuwa unaanza kazi wakati mwanga tayari unakwisha. Fika saa moja. Getini uliza mapema wanafungua saa ngapi.

Vile mimi nafanya ni hivi. Kanvasi ndogo, sentimita 30 kwa 40, si kubwa, na naipaka kwanza rangi nyepesi ya kijivu ama ya udongo nyumbani iwe imekauka, weupe mtupu kwa jua la Nairobi unaumiza macho na unakudanganya. Nikifika nakaa kwanza bila kugusa brashi, nafinya macho mpaka vitu vidogo vipotee vibaki madoa makubwa manne ama matano. Naanza na vivuli, kwa sababu vivuli ndivyo vinatoroka kwanza, na nikishaviweka mahali pake sivihamishi tena hata jua likienda wapi, hapo ndipo nidhamu yote iko. Halafu anga, halafu ardhi, halafu mahali jua linagonga moja kwa moja, rangi mbichi juu ya rangi mbichi, brashi bapa pana, kila mguso naweka naacha. Ukisugua mguso mara tatu ushaua rangi. Nikishapaka kwa lisaa limoja na nusu nafunga, iwe imeisha ama haijaisha, na kama haijaisha narudi siku ingine saa ile ile na ile kanvasi. Ya pili ya saa kumi iko kwa begi inangoja.

Na usidanganywe ati walimaliza kila kitu nje. Zile picha za kanisa kuu la Rouen Monet alizianza pale Rouen 1892 na 1893 akiangalia kutoka dirishani, lakini alizifanyia kazi tena nyumbani Giverny na kuzitia tarehe 1894. Kurekebisha studio si dhambi, bora ule mwanga wa kwanza ubaki.

*Mwalimu habari. Niko chuo, na tunaambiwa rangi nyeusi ni marufuku kwa impreshonizimu, kivuli lazima kiwe zambarau. Mimi nikiangalia kivuli cha nyumba yetu naona tu kijivu. Nidanganye macho yangu? – Mwanafunzi, Rongai*

Usidanganye macho yako hata siku moja, lakini yape muda wa kuangalia vizuri. Weka karatasi nyeupe kwa jua, nusu yake iwe kwa kivuli cha ukuta, siku anga ni bluu kabisa kama Januari. Hiyo nusu ya kivuli utaona ina ubluu, kwa sababu jua limezibwa lakini anga bado inaimulika, na anga ni bluu. Sasa hamisha karatasi karibu na ule udongo wetu mwekundu wa huko Rongai, upande wa chini wa kivuli unapata joto la chungwa, ni ardhi inarudisha rangi yake juu. Hiyo ndiyo sababu, hakuna uchawi. Juu ya hiyo kuna mambo ya macho yenyewe, mkemia Mfaransa Chevreul alichapisha 1839 kazi ya kuonyesha kwamba rangi mbili zikikaa jirani kila moja inabadilisha vile nyingine inaonekana, ukiweka chungwa kando ya bluu zote mbili zinawaka zaidi. Wachoraji waliichukua hiyo wakaitumia, kivuli kando ya jua la manjano kinaonekana kama kimeegemea zambarau.

Lakini Julai asubuhi, ile baridi na mawingu mazito, hakuna jua, kivuli ni kijivu kweli na wewe umeona sawa. Paka kijivu. Ila changanya hicho kijivu kutoka kwa bluu na chungwa ama kijani na nyekundu, utaona kinapumua kuliko kile cha kuchukua nyeusi ukamwagia nyeupe.

Kuhusu marufuku, wachoraji wenzake Manet (si Monet) na Renoir hawakuiacha nyeusi kabisa, kwa hivyo hakuna polisi. Monet alipoulizwa rangi zake aliandika kwa barua ya 1905 kwamba anatumia nyeupe ya risasi, manjano ya kadimiamu, nyekundu ya vamilioni, nyekundu nzito ya mada, bluu ya kobalti na kijani cha emeraldi, basi. Sita. Wewe mwanafunzi anza na tano tu na uache nyeusi nyumbani miezi michache, si kwa sababu ni haramu, ni kwa sababu ukiwa nayo hutajifunza kuchanganya. Na nyeupe ya risasi isikusumbue, ni sumu, chukua ya titani.

*Nilichora picha ya mteja mwezi wa saba, mpaka wiki ya tatu bado inashika kidole. Nikaweka mafuta ya linsidi (yale ya mbegu za kitani) zaidi juu nikidhani itang'aa na kukauka, sai imejikunja kama ngozi ya maziwa. Nimekosea wapi? – Fundi wa picha, Kayole*

Pole sana ndugu, hiyo inauma hasa mteja akiwa anapiga simu kila siku.

Rangi ya maji inakauka maji yakitoka. Mafuta hayaendi popote, yanabaki pale pale yanavuta hewa na kugeuka kuwa ngumu, kwa hivyo yanahitaji oksijeni, mwanga na joto. Julai ya Nairobi haina joto wala mwanga. Tena rangi zenyewe hazilingani, za udongo kama amba zinakauka haraka, kobalti pia iko sawa, lakini kadimiamu, nyeusi ya mifupa na nyeupe nyingi za titani zinachelewa sana. Sasa wewe ukaongeza mafuta matupu juu ya rangi ambayo haijakauka, ngozi ya juu ikashika kwanza, chini bado mbichi inasogea, lazima ijikunje.

Sheria ya zamani kabisa ya hii kazi ni kwamba tabaka la chini liwe na mafuta kidogo na la juu liwe na mafuta zaidi kuliko la chini. Mwanzo punguza rangi na tapentaini kidogo, katikati tumia rangi vile ilivyotoka kwa tyubu, mwisho ndiyo unaweza kuongeza tone la linsidi. Ukienda kinyume leo itajikunja ama baada ya miaka itapasuka. Na tafadhali mafuta ya taa wacha, najua wengi wanatumia kupunguza rangi kwa sababu ya bei, lakini yanaacha masalio ya kunata kwa rangi na kukauka kunachelewa zaidi.

Hiyo ya mteja kwangua hayo mafuta ya juu na kisu cha paleti, iweke chumba chenye dirisha na hewa ikiangalia mwanga, na umwambie mteja ukweli aongeze muda. Varnishi usiguse kabla ya miezi sita, na kama ulipaka nene ngoja hata mwaka.

Kuna kitu hujauliza na nisipokisema sitalala. Vitambaa vya kupangusia vyenye mafuta ya linsidi vikirundikwa kwa kona ama kwa mfuko wa plastiki vinaweza kushika moto vyenyewe, bila kiberiti, kwa sababu yale mafuta yakivuta hewa yanatoa joto na rundo linalifungia ndani. Kayole nyumba zimeshikana, watu wengi wanalala pale. Vitandaze nje kimoja kimoja vikauke, ama uviloweshe maji kwa mkebe wa bati wenye kifuniko.

*Rangi ya gloss ya hardware si pia ni ya mafuta? Niitumie? – Msomaji, Githurai*

Picasso alitumia rangi ya nyumba ya Ripolin, kwa hivyo hutakuwa wa kwanza. Lakini gloss imetengenezwa ya kutiririka ilale laini kwa mlango, haisimami. Impreshonisti wanahitaji rangi nzito inayobaki na alama ya brashi, na hiyo iko kwa tyubu. Ndiyo maana tyubu ya bati aliyoipatia hataza Mmarekani John Goffe Rand 1841 ilikuwa kitu kubwa hivyo, kabla yake rangi ilikuwa inafungwa kwa kibofu cha nguruwe, ukikitoboa inaanza kukauka, nani atatembea na hiyo porini? Tena gloss nyeupe inageuka manjano ikikaa gizani. Jifunzie nayo kwa ubao ukitaka, lakini usiuzie mtu. Na chochote utakachopaka, kitambaa kipake kwanza jeso, ile rangi nyeupe ya kutangulia, mara mbili ama tatu, mafuta yakigusa pamba moja kwa moja yanaiozesha.

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa mwisho ana miezi minane. Kabla nizae nilikuwa napaka sana. Sai siwezi kutoka nje masaa matatu, nyumba ni ya chumba kimoja na sebule, na kila nikisoma kuhusu hawa watu ni wanaume wanatembea na stendi mashambani. Niwache tu? – Mama, Kasarani*

Marahaba mama, na usiwache.

Nataka umjue Berthe Morisot. Kulikuwa na maonyesho nane ya impreshonisti kati ya 1874 na 1886 na yeye alikuwa kwa saba, lile moja alilokosa ni la 1879, binti yake Julie alikuwa amezaliwa Novemba 1878. Monet mwenyewe hakufika saba. Kwa maonyesho ya kwanza Morisot alipeleka picha ya 1872 ya dada yake Edma ameketi kando ya kitanda cha mtoto, pazia jembamba jeupe, mtoto amelala, mama anamwangalia. Hiyo picha sasa iko makumbusho ya Musée d'Orsay kule Paris na imechorwa ndani ya nyumba. Mwanamke wa tabaka lake hakuruhusiwa kukaa mikahawani peke yake na brashi, kwa hivyo alichora alichokuwa nacho, dada, mtoto, bustani, kioo, dirisha, na Julie alimchora tangu mdogo mpaka akawa msichana mkubwa. Na 1875 walipopeleka picha zao kwa mnada wa Hôtel Drouot, yeye na Monet na Renoir na Sisley, watu wakapiga kelele mpaka polisi wakaitwa, lakini bei ya juu kabisa siku hiyo ilikuwa ya picha ya Morisot.

Kwa hivyo sebule yako inatosha, dirisha lako moja linatosha. Angalia vile mwanga unaingia saa nne na kugonga neti ya mtoto, beseni, leso kwa kiti. Chukua ubao mdogo wa sentimita 20 kwa 25, mtoto akilala una dakika 40, na dakika 40 ni nyingi kuliko zile 7 za popla. Kitu kimoja tu ninakuomba kwa ajili ya huyo wa miezi minane, tapentaini usiingize kwa hiyo nyumba. Paka na rangi ya tyubu bila kupunguza, brashi zioshe kwa mafuta ya alizeti halafu sabuni ya kipande na maji, na rangi zenye kadimiamu na kobalti weka juu kabisa asifike. Ukimaliza ya kwanza niandikie, naomba sana.

*Kila nikiweka stendi CBD soja anakuja kuniuliza kibali, nimechoka. – Msomaji, Ngara*

Pissarro, mwenzao kina Monet na ndiye peke yake aliyekuwa kwa maonyesho yote nane ya impreshonisti, uzeeni jicho lilikuwa linamsumbua, vumbi na upepo vinalizidisha, akaacha barabara akapanda juu. 1897 alikodi chumba cha hoteli Paris akachora Boulevard Montmartre kutoka dirishani mara 14, asubuhi, mvua, ukungu, usiku na taa. Tafuta rafiki mwenye ofisi orofa ya nne ama ya tano inayoangalia barabara kubwa. Moi Avenue kutoka juu saa kumi na moja jioni baada ya mvua ya Novemba, matatu zimewasha taa, lami inang'aa, miavuli, sijaona picha za mafuta za kutosha za hiyo kitu na naingoja mtu aichore. Kwa majengo ya serikali wala usijaribu, hamisha stendi.

*Kwa nini nisipige tu picha na simu nikachore nyumbani? – Msomaji, South B*

Piga, ikusaidie kukumbuka mahali tawi lilikuwa. Ila simu ikipima mwanga wa anga inafanya vivuli vyote kuwa vyeusi, ikipima vivuli inafanya anga kuwa nyeupe, na ile bluu ndani ya kivuli niliyomwambia mwanafunzi wa Rongai inapotea kabisa, na hiyo ndiyo tuliyoenda kutafuta. Fanya mchoro mdogo wa rangi pale pale hata wa dakika 15 kwa kipande cha ubao, halafu simu na huo mchoro vifanye kazi pamoja nyumbani. Vikipingana, amini mchoro.

*Nimeona hizi kazi kwa simu tu. Nairobi nitaona wapi rangi ya mafuta kwa macho? – Msomaji, Kawangware*

Monet huwezi kumwona hapa, lakini rangi ya mafuta iko. Anza na Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill, halafu Nairobi Gallery, ile nyumba ya mawe ya 1913 karibu na Nyayo House yenye mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais. Panda mpaka kituo cha sanaa cha Paa ya Paa huko Ridgeways, kimekuwepo tangu 1965, na ile galari ya Banana Hill ukiweza. Tena ukipata nafasi ya kuona kazi ya Michael Armitage, aliyezaliwa hapa Nairobi 1984, usikose, yeye anapaka mafuta juu ya lubugo, kile kitambaa cha gamba la mti cha Uganda, na mashimo na mishono ya gamba anayaacha yaonekane ndani ya picha.

Ukifika usisimame tu mbele. Nenda pembeni mwa picha mpaka taa iteleze juu ya rangi uone vilima vya brashi, wapi ameweka nene, wapi amekwangua, wapi kanvasi imebaki wazi, rangi gani ilikuja kwanza. Halafu rudi nyuma hatua sita na uangalie vile hayo madoa yanashikana. Enda na daftari, na kama mhudumu hana shida, kaa kwa picha moja nusu saa.